Usimwambie Mama "Tumbo Liko Safi": Mwongozo wa Ultrasaundi ya Kitandani kwa Mtoto wa Dharura

Saa nane usiku waliniletea mtoto wa miaka minne aliyegongwa na bodaboda. Alikuwa macho, anajibu akiulizwa, mapigo ya moyo yamepanda kidogo tu. Nilipaka jeli, nikapitisha probu, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, chini ya mbavu za kulia, za kushoto, juu ya kibofu, kisha kwenye chembe ya moyo. Sikuona maji popote. Nikamgeukia mama yake: "Mama, tumbo liko safi." Kwenye faili nikaandika "FAST hasi", basi; FAST ndiyo ultrasaundi hiyo ya haraka ya kutafuta maji au damu tumboni na kuzunguka moyo. Picha sikuhifadhi hata moja. Kulipokucha mtoto alikuwa amepauka na tumbo limejaa. Bandama lilikuwa limechanika.

Alipona. Siku ya tatu baba yake alinikuta kwenye korido. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Dokta, ulimwambia mama watoto kwamba tumbo liko safi. Wewe uliona nini?"

Sikuwa na cha kumwonyesha wala cha kumsomea. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali la yule baba, na ni kwa daktari, tabibu au muuguzi yeyote wa zamu mwenye mashine ndogo ya ultrasaundi kando ya kitanda cha mtoto.

Kwanza, kesi hutokea wapi

Wenzetu wengi wanaogopa kushika probu kwa kudhani kwamba wakisoma vibaya watashtakiwa. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha vingine. Mwaka 2012 Michael Blaivas na Richard Pawl walichapisha uchambuzi wa kesi za Marekani za miaka 20 dhidi ya madaktari wa dharura, zilizohusu ultrasaundi ya kitandani. Walipata kesi 5 tu, na zote zililalamikia kipimo ambacho hakikufanyika au kilicheleweshwa. Hata hivyo usibweteke. Uchambuzi wa namna hiyo huona kesi zilizofika kwenye kumbukumbu. Waliomalizana nje ya mahakama hawaonekani. Na siku hizi mashine ziko mikononi mwa watu wengi zaidi.

Upande wa watoto, Steven Selbst na wenzake walichapisha mwaka 2005 uchambuzi wa kesi za idara za dharura za Marekani. Yaliyoongoza ni homa ya uti wa mgongo, kidole tumbo, mkono kuvunjika na korodani kujisokota. Angalia orodha hiyo vizuri: kidole tumbo na korodani ni vitu tunavyovitafuta kwa mashine hii hii.

Hapa Tanzania lalamiko huanza kwa mganga mfawidhi, likikua linafika Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017, na machache hufika mahakamani. Mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza, zetu zikiwemo, bado zinaelekea kwenye kipimo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, ulichofanya kinakubalika kwa madaktari makini wenye ujuzi wa kazi hiyo? Hakimu hatakudai uwe na macho ya bingwa wa radiolojia. Atakudai uoneshe ulichokifanya na sababu yake.

Hatua ya 1: Taja swali moja kabla ya kupaka jeli

Ultrasaundi ya kitandani hujibu ndiyo au hapana. Kuna maji tumboni? Kuna maji kuzunguka moyo? Kibofu kina mkojo wa kutosha kuchukua sampuli? "Anaumwa tumbo, ngoja nimwangalie" si swali, na ukianza hivyo utamaliza bila jibu. Mimi hulitamka kwa sauti mbele ya sista wa zamu: "Sista, naangalia kama kuna maji kwenye kifua cha kulia." Nikishindwa kulitamka, sijui ninachotafuta, basi naweka probu chini.

Jiulize pia jibu litabadilisha nini. Mtoto anayepoteza fahamu, tumbo limevimba na presha inashuka, anahitaji damu na daktari wa upasuaji sasa hivi. Probu inaweza kupita wakati mwenzako anatafuta mshipa, lakini hakuna anayesubiri picha ili aanze kumwokoa.

Hatua ya 2: Ujue mkono wako ulipofikia

Chuo cha madaktari wa dharura cha Marekani kinapendekeza uchunguzi 25 hadi 50 uliokaguliwa, kwa kila aina ya kipimo. Kila aina. Aliyefanya FAST mia moja kwa watu wazima bado ni mgeni kwenye tumbo la kichanga. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo hiyo nacho kilitoa msimamo mwaka 2015 kwamba madaktari wa dharura za watoto watumie kipimo hiki, kikifungamana na mafunzo na ukaguzi.

Kwetu ukaguzi ndio unaopwaya. Tangu Muhimbili ifungue idara yake ya dharura mwaka 2010 na mafunzo ya ubingwa kuanza, tumepata watu wanaoweza kukagua, ila hawako kila wilaya. Kama huna mkaguzi jengoni, anza na daftari: tarehe, namba ya faili, swali, ulichoona, na jinsi ilivyothibitika baadaye kwa radiolojia au kwa upasuaji. Daftari hilo ndilo ushahidi kwamba ulijifunza.

Ukifanya kwa mazoezi, mwambie mzazi kwamba unajifunza. Ila ujue kwamba ukiona kitu, umekiona. Huwezi kuona maji kwenye utando wa moyo halafu ukasema ulikuwa unajifunza tu.

Hatua ya 3: Ongea na mzazi kwa maneno ambayo hutajutia

Mazungumzo haya niliyafanya na bibi mmoja aliyemleta mjukuu mwenye homa na kubanwa kifua:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kumwangalia mjukuu wako kwa hiki kimashine. Hakina mionzi kama eksirei. Natafuta jambo moja tu, kama kuna maji yamejaa kifuani. Mengine sitayaangalia. Na nisipoona maji, haina maana kwamba haumwi."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo siyo ile ya kule chini tunayolipia?"

"Siyo, bibi. Ile ya kule huangalia kila kitu, na kuna mtaalamu anayeisoma."

Swali la bibi ndilo lililojificha kichwani mwa kila mzazi. Kwake ultrasaundi ni ultrasaundi. Akishaona jeli na kioo, anaamini mtoto amepimwa kila kitu. Usipomtenganishia vipimo hivi viwili, ataondoka na ahadi ambayo hukuitoa. Katika dharura ya kweli husubiri saini, lakini maelezo haya ya nusu dakika yana nafasi karibu kila mara.

Hatua ya 4: Weka mashine sawa

Ingiza jina na namba ya faili kabla ya picha ya kwanza. Angalia saa ya mashine. Nimekuta mashine ambazo saa yake haijawahi kurekebishwa tangu itoke kwenye boksi, na picha inayoonyesha muda ambao mtoto hakuwa amefika hospitali ni mbaya kuliko kukosa picha.

Hapa tuna tatizo letu wenyewe. Sisi huandika "saa 8 usiku" na mashine huandika 02:14. Mtu wa mbali akisoma faili na picha pamoja anaweza kuona pengo la saa sita ambalo halikuwepo. Ndani ya faili tumieni mfumo wa saa 24 peke yake, zamu nzima, bila kuchanganya.

Futa probu kwa dawa kati ya mtoto na mtoto. Jeli ya chupa inayojazwa tena na tena hubeba bakteria, kwa hiyo ukichoma sindano kwa msaada wa picha tumia jeli tasa ya pakiti. Jeli ipashe moto kwenye kiganja kwanza. Mtoto akishtuka kwa baridi na kuanza kulia, umepoteza nusu ya picha zako.

Hatua ya 5: Hifadhi, hasa usipoona kitu

Watu huhifadhi picha ya ugonjwa na kufuta ya mtoto asiyeonekana kuwa na tatizo. Fanya kinyume cha mazoea hayo: picha isiyoonyesha ugonjwa ndiyo utakayoulizwa. Hifadhi video fupi ukipitisha probu kutoka ukingo mmoja wa kiungo hadi mwingine, kwa kuwa picha moja iliyosimama haioneshi kwamba ulitafuta. Andika kulia au kushoto juu ya kila moja. Hifadhi pia kilichokuzuia: gesi, kilio, bandeji.

Hatua ya 6: Soma ukijua mtego uko wapi

Hapa kaa sana, maana mwili wa mtoto una mitego yake.

Tumbo lililoumia. Mtoto anaweza kuchanika ini au bandama bila maji kuonekana, au damu ikawa kidogo mno katika saa ya kwanza. Mwaka 2017 James Holmes na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la JAMA jaribio la watoto 925 walioumia kiwiliwili na ambao mzunguko wao wa damu ulikuwa imara. Kuongeza FAST hakukupunguza siti skani wala majeraha yaliyopita bila kugunduliwa. Mimi bado naifanya, kwa sababu ikionyesha maji kwa mtoto anayezidiwa inaharakisha kila kitu. Ikiwa hasi, naichukulia kama kutoona kitu kwa dakika hiyo tu, narudia kadiri hali inavyokwenda, na mtoto anabaki kitandani.

Korodani. Mvulana mwenye maumivu ya ghafla, korodani imepanda juu, anatapika: mwite daktari wa upasuaji kwanza. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze, na saa hizo huwa zimeshaliwa na aibu ya kijana na usafiri. Kuona damu ikipita kwa dopla, rangi za mashine zinazoonyesha mtiririko wa damu, hakuondoi kujisokota, maana korodani iliyojisokota nusu bado hupitisha damu. Mashine isimcheleweshe hata kwa dakika kumi. Na mvulana anayesema "tumbo" huenda anaona haya kutaja kule kwingine. Mvue nguo umwangalie.

Kidole tumbo. Kikionekana kikiwa kinene zaidi ya milimita 6, hakibonyei na kinauma chini ya probu, umepata jibu. Kisipoonekana, hujapata jibu lolote. "Sijakiona" na "ni kizima" ni sentensi mbili tofauti, na kuna watoto waliopasukiwa kidole tumbo nyumbani kwa sababu mtu aliziandika kama moja.

Utumbo ulioingia ndani ya utumbo. Mtoto wa miezi mitano hadi miaka mitatu, analia kwa vipindi, kisha analegea. Ile duara yenye tabaka huonekana zaidi kulia, kwa kawaida ikiwa na upana unaozidi sentimita 2.5. Pita njia yote ya utumbo mpana. Kama hukupita, andika kwamba hukupita.

Fuvu. Maungio ya fuvu la kichanga hufanana na ufa. Fuata mstari hadi mwisho: ukiishia kwenye utosi, au upande wa pili ukiwa na mwenzake, huenda ni ungio. Kutoona ufa hakukuambii lolote kuhusu damu ndani ya ubongo.

Nyonga. Probu inaona maji kwenye kiungo. Haijui kama ni usaha. Mtoto mwenye homa, hawezi kukanyaga, na ana maji nyongani, ni mgonjwa wa upasuaji mpaka ithibitike vinginevyo.

Kifua. Tezi ya taimasi, ambayo kwa mtoto mdogo ni kubwa, hudhaniwa ni nimonia. Bandama na tumbo lenye chakula nalo hudanganya upande wa kushoto. Tafuta kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwanza ndipo useme uko juu yake au chini yake.

Hatua ya 7: Andika sentensi sita

Laiti ningeandika hivi usiku ule:

"02:14. Ultrasaundi ya kitandani. Swali: kuna maji tumboni au kuzunguka moyo? Sehemu nne zimepitiwa. Kushoto pameonekana kwa shida, mtoto analia. Maji hayajaonekana. Ini, bandama na figo hazikuchunguzwa kutafuta mchaniko, na matokeo haya hayaondoi jeraha la tumbo. Mpango: abaki, presha na mapigo kila nusu saa, kurudia 04:00 au hali ikibadilika; daktari wa upasuaji amejulishwa 02:25, video 5 zimehifadhiwa."

Ni dakika mbili za kalamu. Ndani yake mna swali, mipaka, kizuizi na mpango. Wa zamu ya asubuhi akiisoma, anajua kwamba mtoto bado ana hatari. Kwenye "FAST hasi" yangu, aliyenipokea alisoma kwamba kazi imekwisha, na simlaumu.

Nimeacha kabisa kuandika "kawaida", "safi" na "hakuna tatizo".

Hatua ya 8: Ulichokiona bila kukitafuta

Nilikuwa napima kibofu cha kichanga nipate mkojo, nikaona figo ya kushoto imetanuka. Halikuwa swali langu, lakini lilikuwa jukumu langu. Andika, mwambie mzazi kwa maneno rahisi, mpe karatasi yenye tarehe ya kwenda radiolojia, na usimwachie "uje siku nyingine". Uvimbe tumboni mwa mtoto haungoji siku nyingine.

Radiolojia wakisoma tofauti na ulivyosoma, mpigie mzazi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo chukua namba mbili kabla hawajaondoka: ya mama, na ya jirani au mjumbe. Simu ya mama ikiisha chaji, jirani ndiye atakayebisha hodi. Andika muda uliopiga na aliyepokea.

Hatua ya 9: Simu yako

Kuomba ushauri kwa kutuma video kwa bingwa wa mjini kunaokoa watoto, nami nafanya. Kata jina kwanza. Tuma kwa mtu mmoja, si kwa kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Alichokujibu bingwa kiandike kwenye faili pamoja na jina lake, kisha ifute video simuni.

Hatua ya 10: Mambo yakiharibika

Kamhudumie mtoto kwanza. Halafu, siku hiyo hiyo, kaa na wazazi ukiwa na daktari mkubwa wako, mahali penye viti. Waeleze kilichotokea kwa mpangilio, bila kukisia na bila kumtupia mwenzako. Mjulishe mganga mfawidhi kwa maandishi. Faili usiliguse kulirekebisha: kama kuna cha kuongeza, kiandike chini kwa tarehe na saa ya leo, useme kwamba ni nyongeza, utie saini. Wino mpya juu ya sentensi ya jana umewaponza watu ambao hawakuwa na kosa jingine lolote.

Yule baba nilimwambia ukweli: "Baba, sikuona maji, lakini picha sikuhifadhi, na sikupaswa kumwambia mama kwamba tumbo liko safi. Nilipaswa kumwambia kwamba bado tunamwangalia." Alinyamaza kitambo, akauliza lini mtoto ataanza kula. Tukaenda wote wawili wodini kumuuliza daktari wa upasuaji.

Jambo la mwisho ni la kumbukumbu. Kwa Tanzania, madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, lakini kwa mtoto muda huo huanza kuhesabika akishatimiza miaka 18. Mtoto wangu wa miaka minne angeweza kuuliza swali la baba yake miaka 17 baadaye, wakati mashine ile imeshakufa na mimi nimeshahamishwa. Mashine ndogo ikijaa hufuta picha za zamani, au mtu wa zamu huzifuta ili apate nafasi. Sisi tumempa sista mmoja kazi hiyo kila Ijumaa mchana: anahamisha video zote kwenye kompyuta ya idara yenye nywila, anaandika idadi kwenye daftari, na mwenzake anahesabu tena kabla ya chochote kufutwa.